Kwangu damu haijapungua, imezidi

Nyumbani Kibosho mtu akisikia una tatizo la damu anajua moja tu: imepungua. Ndiyo maana niliporudi Desemba kutoka Hamburg nilikuta shangazi ameshaandaa kisusio, ile supu yetu ya damu, na mama ana jagi la juisi ya rozela. Ilibidi tuketi niwaeleze. Nayaandika na hapa kwa ajili ya yeyote aliyepewa majibu kama yangu juzijuzi na hajui aanzie wapi.

Ugonjwa wangu unaitwa polisaithemia vera. Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kwa kawaida figo hutoa homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu kiasi gani. Wangu hausubiri amri. Nilimwambia mama afikirie mfereji wetu: zamu ya mtu imekwisha, hakuna aliyefunga maji, yanazidi kuingia kihambani. Akaelewa palepale, akauliza nani kaacha wazi. Ni jeni iitwayo JAK2. Wagonjwa kama 95 kati ya 100 wana badiliko lake moja lilelile, lililogunduliwa mwaka 2005. Kwa kawaida halirithiwi, hutokea tu mtu akiwa anaishi maisha yake. Baba hakuniachia, na hakuna aliyeniroga.

Ndiyo, ni saratani ya damu. Sikumficha mama. Ila ni ya mwendo wa polepole, na wengi huishi nayo miaka mingi. Hatari yake kubwa ni damu nzito kuganda, ikaleta kiharusi au kuziba mishipa ya moyo. Kwa hiyo natolewa damu, karibu nusu lita kwa mara moja, ili hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ikae chini ya asilimia 45, na kila siku nameza aspirini ya dozi ndogo. Waliovuka miaka 60, au waliowahi kuganda damu, mara nyingi huongezewa haidroksiyurea, dawa ileile wanayotumia wagonjwa wa siko seli.

Shangazi aliumia kusikia damu yangu inamwagwa. Namwelewa.

Sasa sikilizeni hili, maana naliona zito kuliko yote. Kutolewa damu kunamaliza madini ya chuma. Utachoka, na kipimo kitasema chuma kiko chini. Usikimbilie vidonge vya kuongeza damu bila daktari wako kusema, kwa sababu chuma hicho uboho utakitumia kutengeneza chembe zaidi. Atakayekununulia pale Moshi mjini atakuwa anakupenda kweli, kwa hiyo mweleze mapema. Chakula sijakatazwa, kisusio kidogo nilikunywa.

Na ule muwasho baada ya kuoga maji ya moto, ambao watu huusingizia sabuni, ni dalili ya ugonjwa huuhuu. Mwambie daktari.

Nikiwa likizo barua ya daktari inakaa pamoja na pasipoti. Mdogo wangu anajua: uso ukipinda, kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba, ni hospitali ya KCMC saa hiyohiyo, na pale mapokezi aanze kwa kutaja jina la ugonjwa.