Mkebe wa dharura wa mfukoni: malalamiko ni ya kifungashio

Muulize yeyote anayetengeneza mikebe ya dharura, yaani vikopo vya bati vyenye vifaa vidogo vya kujiokolea, hapa Kisumu. Wateja hawalalamikii ndoano, wembe wala plasta. Wanalalamikia mkebe: umeingiza maji, haufunguki, unapiga kelele mfukoni, maandishi yamefutika.

Maji kwanza. Mkebe wa bati wenye bawaba uliundwa kubeba peremende, si kuogelea ziwani. Maji hupitia nyuma kwenye bawaba, ilhali tepu ya umeme hubandikwa mbele. Tena tepu hiyo ikikaa mfukoni kwenye joto, gundi hulainika, inateleza, na vumbi linaganda. Afadhali pete ya tyubu. Kata kipande cha upana wa sentimita 3, ukivute kizunguke mkebe mzima na kufunika mstari wa kifuniko, bawaba ikiwemo. Mkebe wa sentimita 9.5 kwa 6 una mzunguko wa sentimita 31, kwa hiyo tafuta tyubu ya pikipiki. Ya baiskeli huvutika kupita kiasi na kuchanika konani. Mafundi wa pancha kwenye steji za boda boda wanazo kuukuu tele. Isitoshe, kipande cha tyubu hushika moto hata kikiwa na unyevu, ingawa moshi wake ni mweusi na unanuka vibaya.

Jaribu kabla ya kuuza: weka kipande cha tishu kikavu ndani, funga, uzamishe kwenye beseni kwa nusu saa. Mapovu yanapotokea ndipo panapovuja. Hata ukifaulu, mvuvi wa Dunga ambaye mashua yake inaweza kupinduka anahitaji kinga ya pili, yaani kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha, cha kutunzia njiti za kiberiti na vidonge vya kusafishia maji. Kipande cha ubavu wa kiberiti kifunge kwa karatasi, kisisuguane na vichwa vya njiti. Wanaoomba mfuko wa nailoni wakumbushwe kwamba marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 iligusa mifuko bapa isiyo na mishikio pia, si ile ya kubebea tu.

Vidonge ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Ili kuokoa nafasi, fundi hukata pakiti karibu mno na kidonge, foili inafunguka ukingoni, na unyevu unakigeuza unga. Acha ukingo wa milimita kadhaa kila upande. Kisha andika kipimo: kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20, kwa hiyo mwenye chupa ya lita 1 apewe cha miligramu 8.5. Maji ya matope ya mto Nyando au Nzoia yachujwe kwa kitambaa kwanza, kidonge kitiwe, na mtu angoje dakika 30 kabla ya kunywa.

Wanaopanda Mlima Elgon hurudisha dira wakisema ni mbovu. Mara nyingi wameisoma juu ya mkebe, na bati ni chuma, huvuta sindano. Isomwe hatua moja kutoka kwa mkebe, simu ikiwa mbali vilevile. Sumaku ya spika ya simu inaweza hata kugeuza kabisa sindano ndogo, ncha ya kaskazini ikawa inaonyesha kusini. Mwambie mteja asiweke viwili hivyo mfuko mmoja, na ailinganishe dira na macheo.

Kelele huisha ukijaza mapengo kwa pamba kavu, ambayo pia huwasha moto. Maandishi ya karatasi hayadumu kwenye jasho. Kwaruza kwa msumari ndani ya kifuniko nambari 999 na 112, pamoja na tarehe ya mwisho ya vidonge.

Filimbi itoke nje kabisa, ining'inie kwenye kamba. Mtu aliyeshika ubao wa mashua kwa mkono mmoja hawezi kuvua pete ya tyubu. Kwa wengine wote, acha ulimi mdogo wa mpira ukichomoza kwenye pete ili vidole vyenye maji vipate pa kuvuta.