Madini joto

Leo asubuhi mama katoka nje bila sweta la pili. Julai hii, Mafinga hii. Kakaa kwenye kigoda anaota jua na kikombe chake cha uji, nami nikabaki mlangoni namtazama.

Novemba nilimgombeza. Mchana wa jua kali alikuwa amejifunika blanketi, nikamwambia, "Mama, unajidekeza." Neno hilo limenikaa kooni hadi leo. Alikuwa ananenepa na chakula hali, ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito, anasinzia hata kanisani. Majirani wakasema ni utu uzima, tukaridhika.

Mei ndipo akapimwa damu, homoni iitwayo TSH ikakutwa juu sana. Daktari alitueleza bila haraka, Mungu ambariki. Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Hiyo hutuma TSH kwenda kuiamsha tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, nayo itoe thairoksini. Thairoksini ikitosha, pituitari hupunguza wito. Isipotosha, huzidi kuita. Ya mama ilikuwa inaita tu, haiitikiwi. Na thairoksini ikipungua, mwili wote hupoa: chakula huunguzwa polepole, moyo hupiga taratibu, hata mawazo huchelewa.

Kila chembe ya thairoksini imebeba atomi 4 za madini joto, yaani iodini. Jina hilo nimelisoma kwenye pakiti za chumvi tangu utotoni, sikuwahi kujiuliza kwa nini liitwe joto.

Nikaikumbuka picha ya marehemu bibi na wenzake. Wanawake watano, watatu wamefunga vitambaa shingoni. Nilidhani ni urembo, kumbe walificha rovu. Mvua za milimani kwetu zimeyaosha madini joto udongoni kwa karne nyingi, na mahindi hayawezi kutoa kisichokuwemo ardhini. Tezi iliyokosa madini hayo huku TSH ikiisukuma hufura. Sheria ya kuyatia kwenye chumvi ilikuja miaka ya 1990, bibi ameshazeeka.

Ya mama si njaa ya chumvi. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inaishambulia tezi. Anameza kidonge cha thairoksini kila alfajiri, tumbo tupu, uji baada ya nusu saa. Kipimo kilirudiwa baada ya wiki 6, TSH imeshuka.

Nilipomwomba radhi aliniuliza, "Kwa lipi, mwanangu?" Nikamwambia, kwa lile neno la Novemba. Akanisogezea ungo, tukapukuchua mahindi.