Uzoefu wangu: nilivyoachana na simba nikaanza kuchora kanga ya bibi

Kwanza niseme ukweli, naandika hii nikiwa na hasira kidogo, maana kuna watu walinipotezea karibu mwaka mzima na ushauri wao na leo ndo wa kwanza kusema "si tulikwambia utafika".

Mie mchoraji, niko Tanga. Kazi ya kunilisha ni vibao vya saluni, maneno ya nyuma ya bajaji, na kuta za chekechea (yule bata wa njano njia ya Makorora ni mkono wangu, shingo najua imezidi). Ila picha zangu mwenyewe, za kutundika, kila nikikutana na mtu naambiwa kitu kilekile, chora simba, chora Mmasai na mkuki, nyuma weka Kilimanjaro na jua linazama, wazungu watagombania. Kaka mmoja muuza vinyago ndo alikuwa kinara, hata salamu haanzi, "we bado hujachora simba tu?"

Haya, nikachora. Sasa mie simba sijawahi kumuona, Saadani iko hapo tu ukishapita Pangani lakini kiingilio nani anitolee, kwa hiyo nikamtoa kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Simba watatu, wiki tatu, na rangi nilinunua ya maana, sikumbuki vizuri ila hela ya kodi ya mwezi ule ilikatika kipande kizuri tu. Nikawapanga barazani pale Ngamiani, nikakaa na kiti changu kama mtu mwenye duka. Siku ya nne anapita mtoto katoka madrasa, kofia mkononi, akasimama akaangalia weee, halafu akaniuliza kwa upole, "Anko, huyu mbwa wa nani?" Nikamwambia huyo simba. Akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa, "Mbona kama anataka kulia?" Wallahi nilitaka kukasirika nikashindwa, maana nilipogeuka kumwangalia kweli yule simba alikuwa na macho ya mtu anayedaiwa. Siku hizi mmoja anafunikia pipa la maji la mama mwenye nyumba, hadibodi imevimba na yeye kavimba nayo, angalau sasa anatisha.

Na kinachoniudhi wote wakinishauri walikuwa wanamtaja mzee Tingatinga, yule mchoraji wa wanyama wa rangi kali. Jamani, Edward Said Tingatinga alivyoanza pale Dar mwaka 1968 alichukua hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndo vitu vilivyokuwepo na hela yake ilivifikia, akachora anavyojua yeye. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kazi. Sisi tumechukua wanyama wake tukaacha ule ujanja wake wa kuanza na kilichopo mkononi.

Mwingine akaniambia niende Raskazone nikae kimya nitazame bahari, hisia zitakuja zenyewe. Zilikuja mafua, na deni la madafu mawili.

Sasa ilivyotokea hasa. Nilikuwa narudi na baiskeli, nimetoka kuandika ukuta wa shule huko mbele ya Pongwe, hela sijapewa naambiwa njoo Jumatatu, nina njaa, mnyororo unaruka. Nikapita wanapoanika katani, ile nyeupe imening'inia kwenye waya safu kwa safu, upepo unaitikisa, na ile harufu ya korona ikanipiga puani. Korona mashine ya kusindika mkonge nasema, vijana msije mkakimbilia barakoa. Harufu ile mtu wa mjini anaziba pua, mie nikasimama kabisa maana ilikuwa harufu ya shati la babu. Babu alikuja huku manamba, katoka Songea enzi zile SILABU, ile ofisi ya vibarua wa mkonge, inazunguka vijijini kukusanya vijana wa kukata mkonge, na wala hakurudi tena, akaoa hapahapa. Alikuwa anapenda kutuhadithia kwamba huu mkonge wenyewe nao ni mgeni kama yeye, na kweli, Mjerumani Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, njiani ukafa karibu wote ikabaki miche 62. Babu akifika hapo kwenye 62 anajipiga kifua, kana kwamba na yeye alikuwa mmojawapo.

Nilifika nyumbani giza, umeme hakuna, nikachora kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha. Asubuhi nikaona hakuna hata jani moja la mkonge mle ndani, ni mistari myeupe tu na shati moja limetundikwa katikati ya katani. Nilivyoliangalia nikasikia mwili unasisimka, kitu ambacho simba hakunifanyia hata siku moja.

Toka hapo sitoi simu nikiona kitu. Ukishakipiga picha utakaa unahesabu bati za paa. Mie naangalia mara moja, napanda baiskeli naenda zangu, nikifika ghetto kile ambacho bado kipo kichwani ndo nakichora, kilichodondoka njiani kilikuwa hakina kazi. Ukikaa karibu na unachokichora basi zunguka kwanza hata barabara nne tano, Ngamiani zina namba huwezi kupotea.

Brashi nazo. Zangu zilishapukutika, za dukani bei imechangamka, nikasema si niko Tanga bwana, nitakosaje brashi. Nikaokota kipande cha kamba ya katani, nikaifumua, nikaichemsha na sabuni ya unga kwenye sufuria (sio ya kupikia, nilishagombezwa), nikaikata, nikaifunga kwenye kijiti kwa waya. Ya kwanza ikamwaga nyuzi picha nzima, mbingu ikaota ndevu. Ya pili nikachovya shina kwenye gundi ya mbao kabla ya kufunga, nikaacha siku mbili, ncha nikaipondaponda kwa nyundo taratibu. Ikashika mpaka leo! Inaacha michirizi mikavu ambayo brashi ya dukani haikupi hata uilipie, ukichora mvua au makuti unaweza kulia. Ila uso wa mtu usithubutu.

Kwa brashi hiyohiyo nikachora ile ya bibi. Nilikuwa na miaka kama mitano nikakanyaga chupa uwani, bibi akaja mbio akanifunga mguu na kanga yake. Nimechora uwa, mbuzi, mguu mdogo, na kanga nyekundu imejaa nusu ya picha. Shangazi akaja kuangalia, shikamoo marahaba, akatumbua macho, "We mwana we, ile kanga ilikuwa ya buluu. Wekundu ulikuwa wako wewe ulivyokuwa unachuruzika."

Nililala nawaza kuibadilisha. Sikubadilisha. Nyekundu ndo niliyoiona mie.

Akaleta la pili, jina la kanga liko wapi. Maana nilichora vimistari tu pale panapoandikwa. "Kanga haina jina hiyo shuka." Nikamwambia shangazi, wakati ule nilikuwa sijui kusoma, niliona vijidudu tu vimejipanga, ndo nimevichora. Hakukubali, akaanza kutafuta jina lenyewe. Yeye anasema "Usisafirie nyota ya mwenzio", baba mdogo kwenye simu anasema haiwezekani, ilikuwa ya mambo ya majirani, na mjomba katoa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Wiki nzima familia haielewani kwa sababu ya vimistari.

Picha ikakaa barazani siku chache. Mama mmoja anashuka kwenye bajaji na mfuko wake wa machungwa, kapita, karudi. Akaweka machungwa chini. Akapitisha kidole juu ya vile vimistari kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, akasema, "Hii naijua, mamangu alikuwa nayo," akasoma jina moja refu zuri ambalo kwetu hakuna aliyewahi kulitaja. Sikumbishia. Aliomba nimpunguzie nikampunguzia kidogo, akaacha na machungwa matatu juu. Shangazi sijamwambia alisoma nini.