Mwizi wa betri nimemkamata

Nimempata! Wikendi tano nimekesha nikifikiria nyaya, na leo Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nimekiona kwa macho yangu kilichokuwa kikinyonya betri.

Gari ni lile ninaloligeuza liwe la kulala safarini: Land Cruiser HZJ78, injini ya 1HZ, lililostaafu kubeba wagonjwa. King'ora na taa za paani nilishang'oa, maandishi ya ubavuni nikayakwangua, sakafu nikaitandika plaiwudi. Lakini nikiliegesha Ijumaa jioni hapa Kasarani, Jumatatu stata inalia tak mara moja, kisha kimya. Vijana wa ploti wamelisukuma mpaka wanajua wenyewe nani akae wapi.

Kila kitu kikiwa kimezimwa, maltimita, ile mita ya kupima umeme, ilisoma ampia 0.68 zikitoka kwenye betri. Gari la zamani lisilo na kompyuta halipaswi kufika hata 0.05. Piga hesabu: 0.68 kwa saa 24 ni zaidi ya ampia-saa 16 kila siku. Betri yangu ni ya 100, tena si mpya. Siku tatu, nusu imekwenda.

Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, za Toyota na za kile kisanduku cha pili kilichoongezwa lilipogeuzwa ambulensi. Zote. Namba haikutikisika. Fundi mmoja akaapa ni daiodi za altaneta, ile mashine ya kuchaji betri injini ikiwaka, kwamba zinavujisha umeme. Nikalipa, akabadilisha, tukapima: 0.68. Iliniuma sana, kwa sababu kufungua ule waya mnene wa altaneta na kuangalia kama namba inashuka ni kazi ya dakika mbili na haigharimu hata shilingi. Ukipatwa na shida hii, anzia hapo.

Ndipo nikashuka Luthuli, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Nairobi, kutafuta mita ya kubana waya. Jamani, someni kilichoandikwa kwenye mita kabla ya kulipa! Nyingi za bei nafuu hupima ampia za umeme wa nyumbani tu, za betri hazizioni kabisa. Ya kwanza niliirudisha kesho yake. Inayosoma umeme wa betri ni ghali zaidi, na sasa hivi simwazimi mtu yangu. Unabana waya bila kufungua chochote. Maltimita ya kawaida umeme wote hupita ndani yake, nami nimeiunguza fyuzi mara mbili kwa kusahau na kuzungusha ufunguo.

Mita hiyo ikanionyesha waya: mwekundu, mnene, unaotoka kwenye betri na kuzama chini ya sakafu. Kuukata hakusaidii, maana ndio unaolisha taa za ndani, feni na vyote vya nyuma. Kilichonishinda ni kujua unachepukia wapi kabla ya kufika kwenye kisanduku cha fyuzi. Na juu yake kuna plaiwudi yangu, iliyogundishwa kwa gundi niliyoichagua makusudi isibanduke.

Jana usiku nikalala ndani kujaribu godoro. Mnajua baridi ya Julai. Nilipoamka, kuta zote za bati zilikuwa zimelowa kwa pumzi yangu, matone yanateremka. Isipokuwa mahali pamoja, chini kushoto, pale mitungi ya oksijeni ilipokuwa ikifungwa mikanda. Duara kavu, upana wa sahani. Nikaweka kiganja. Vuguvugu.

Nilitoboa ripiti nane, mikono ikitetemeka. Nyuma ya bati kulikuwa na inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, imevaa vumbi kama blanketi, na taa yake ndogo ya kijani inawaka. Hailishi kitu chochote, imewashwa tu, na waya wake umeunganishwa kwa kusokotwa na kuviringwa tepu. Tepu! Kwenye gari la kwenda kutikiswa na barabara za mawe! Hapo nitaweka vichwa vya waya vya kubanwa kwa koleo lake, pamoja na fyuzi. Nikaichomoa, nikapima: 0.02. Nilimpigia shemeji simu muda huo huo, akadhani kuna msiba.

Wiki hii nilipanga kwenda Kariobangi kuchomelea fremu ya kitanda. Kitanda kitangoja. Nikitafuta mahali pa kuilaza ile inverta stoo, nimeziona reli za machela nilizozing'oa mwezi wa kwanza wa kazi. Zinateleza bila kelele, na kufuli zake bado zinashika. Zilibeba mtu mzima na machela yake, hazitashindwa na meko, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jerikeni ya maji. Nafungua mlango wa nyuma, navuta, jiko zima linatoka nje. Nimeshapima reli: sentimita 190, na plaiwudi iliyobaki inatosha.

Betri nimeichaji ikajaa, gari nimelifunga. Sitaligusa hadi Jumatano asubuhi. Likiwaka kwa ufunguo, Jumamosi naelekea Magadi.