Mchele wa fitri ulivyonilea chuoni

Watu wakisikia uliongoza kamati ya sadaka chuo swali la kwanza ni mlikusanya shilingi ngapi, la pili umeiweka kwenye sivii au bado. Sina shida na hayo maswali, ila hela ndo sehemu nyepesi ya hii kazi, wallahi. Kutuma ujumbe kwenye magrupu ya wasap, kuweka namba ya simu, kukumbusha, hayo yote mtu yeyote mwenye bando anaweza. Nataka niongelee kile kinachotokea ukishazipokea, maana hapo ndo niliona tabia yangu inachongwa na imani yangu inaulizwa maswali.

Mradi wetu wa Ramadhani ulikuwa na sehemu mbili: kufuturisha wanafunzi wenzetu hosteli, na kukusanya zakatul fitri, ile sadaka ya lazima ya kumaliza mfungo, tupeleke kwenye nyumba za wenye shida huko Mabibo na Manzese, Dar es Salaam. Futari haina mambo mengi, tende, uji, mihogo, maharage, watu wanakula wanaenda tarawehe. Fitri ni habari nyingine. Ni pishi moja kwa kila kichwa, yani vibaba vinne vya chakula ambacho watu wa mahali hapo wanakula, sisi tunahesabu kilo mbili na nusu mpaka tatu, na hata mtoto mchanga mzazi wake anamtolea. Wengi huku kwetu wanafuata madhehebu ya Shafii kwahiyo inatoka mchele, haitoki hela. Sasa mwanafunzi anakutumia hela kwenye simu, na kuanzia dakika hiyo wewe ni wakili wake, lazima ile hela igeuke mchele na ule mchele ufike mlangoni kwa mtu kabla watu hawajaswali Idi, maana ukifika baada ya swala inahesabiwa sadaka ya kawaida tu. Hebu fikiria, mtu anaishi kwa bumu, yani mkopo wa kujikimu, elfu kumi kwa siku, humo humo anakula anapiga fotokopi anapanda daladala, halafu amejibana akakukabidhi ibada yake ya mwezi mzima. Nilikuwa nalala naiota hiyo michele.

Kwahiyo tukawa na madaftari mawili, la fitri na la futari, na hela zake hazigusani. Katikati ya mwezi ile ya futari ikakata kabisa. Vijana wa jikoni wakasema tuazime kwenye fitri, mchele si tunanunua mwisho wa mwezi, tutarudisha tu, na kwakweli hakuna mtu nje ya kamati angejua. Mhazini wetu ni binti mpole sana, haongei sana, akanishika pembeni akaniambia amirati, yani kiongozi, hiyo ina wenyewe. Nikasema haiazimwi. Siku zile tukafuturu kwa uji na mihogo tu, wengine wakanuna, wengine wakaacha kabisa kuja kusaidia kuosha masufuria. Kukataa hakuna anayekupigia makofi, ila ndo nilipoelewa maana ya kusema Mwenyezi Mungu anakuona, sio kwenye mawaidha, kwenye daftari la shilingi za watu.

Halafu likaja suala la kuandama kwa mwezi. Mwaka 2025 Saudia waliswali Idi Jumapili tarehe 30 Machi na hapa nchini ikatangazwa Jumatatu tarehe 31, na kwenye kamati yangu nina wanaofuata mwezi wa kimataifa na wanaofuata wa hapa nyumbani, na wote wana dalili zao na wote wana sauti. Mjadala ukaanza siku nyingi kabla, watu wanatumiana voisi za masheikh mpaka usiku. Kuongoza watu wanaosali safu moja na wewe halafu hawakubaliani Idi lini ni mtihani mkubwa kuliko wowote niliowahi kufanya UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula. Mimi nina upande wangu lakini niliamua siutaji kwenye kikao hata kidogo, tukarudi kwenye jambo ambalo wote tunalikubali, kwamba fitri inaruhusiwa kutolewa siku moja au mbili kabla, Ibn Umar alikuwa anafanya hivyo. Basi tukapanga kila mfuko uwe umefika Jumamosi kabla ya magharibi. Aliyeswali Jumapili fitri yake ilishafika, na wa Jumatatu pia. Wale ndugu hawakukubaliana kuhusu mwezi mpaka leo, ila walibeba magunia pamoja kwenye kirikuu moja, kale kagari kadogo ka mizigo.

La picha ndo lilitaka kutuvunja. Mchangiaji mmoja aliyetoa kiasi kikubwa alitaka picha za wanaopokea, sura zionekane, kina mama wameshika mfuko. Nadhani nia yake ilikuwa njema, alitaka kuwahamasisha wenzake. Lakini mnajua ile aya ya Suratul Baqara, 264, inayokataza kuharibu sadaka kwa masimango na kuudhi, na mbele kidogo 273 inawataja watu ambao asiyewajua anawadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hao hao ndo mjumbe wa mtaa alikuwa anatupeleka kwao, mtu ana pazia safi, ua umefagiliwa, ndani hakuna kitu. Utamtolea simu umpige picha? Tukampelekea yule ndugu picha za magunia na risiti za dukani, tukamwambia kwa adabu sura hatutoi, na kama hataki tunamrudishia hela yake yote. Alikaa kimya, baadae akasema endeleeni.

Kuna nyumba moja Manzese, mama ana wajukuu anauza maandazi asubuhi, tukamkabidhi mfuko akauangalia akasema wanangu, mimi leo nina unga, huu mpelekeeni jirani yangu ana mgonjwa ndani na nyie kwenye orodha yenu jina lake halimo. Mwenyezi Mungu anawasifu wanaowatanguliza wenzao na wao wenyewe wana shida, ipo kwenye Suratul Hashri, nimeisoma tangu madrasa. Pale nikaiona imevaa kanga. Tulimwachia wake na jirani tukamtafutia mwingine, na tangu siku hiyo nikiswali nikifika kwenye dua namkumbuka yule mama kabla ya jina langu.

Na nisiwasahau marafiki zangu wakristo. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia ndani ya wiki moja, rumeti wangu na yeye alikuwa kwenye mfungo wake, akaja kufunga mifuko na sisi mpaka saa tano usiku.

Sasa madaftari nimemkabidhi dada wa mwaka wa pili. Nimemwambia orodha ya nyumba asiikopi ya mwaka jana, aanze upya kwa mjumbe mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, na mtu wa kwanza kabisa kumtafuta awe yule jirani mwenye mgonjwa.