Vinyuzi machoni

Nimetoka kwa daktari wa macho sasa hivi, hapa Kampala.

Mboni bado zimepanuka kwa dawa ya matone. Jua la saa saba lilinichoma hadi nikamwambia wa bodaboda, "Ssebo, mpolampola, sioni vizuri!"

Kilichonipeleka ni vile vidoa na vinyuzi vinavyoelea mbele ya jicho. Ukivitazama, vinakimbia. Ukitulia, hivyo vinarudi.

Daktari kanieleza: ndani ya jicho mna ute mzito kama jeli. Umri ukisonga, ute husinyaa, nyuzi zake hushikana, na kivuli chake huangukia retina, ule utando unaopokea mwanga kule nyuma.

Yaani ninachokiona ni kivuli tu. Kivuli, ndani ya jicho langu mwenyewe! Njia nzima nimekuwa nikilifikiria hilo.

Wasioona mbali huvipata mapema zaidi. Vyangu havina neno, kasema.

Ila vikizuka vingi ghafla, pamoja na mimweko ya mwanga au kama pazia jeusi pembeni, kimbia hospitali siku hiyohiyo. Huenda retina imechanika.

Jamani, nani mwingine anaviona? Mlichukua muda gani kuvizoea?