Siku moja kliniki ya CTC (huduma na matibabu ya VVU) Njombe: kabla ya kuhesabu vidonge

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa saba huku Njombe maji ya ndoo yanauma vidole. Nawasha mkaa, nainjika chai, nameza kidonge changu cha TLD, dawa ya kufubaza VVU. Zamani nilikuwa nameza usiku, lakini dolutegravir iliyomo ilininyima usingizi, nikakubaliana na daktari nihamie asubuhi. Tuliowahi kutumia zile dawa za zamani za efavirenz tunakumbuka mengine: kizunguzungu, ndoto za kutisha, unaamka umelowa jasho. Kuna walioziacha wakaitwa wakaidi, kumbe walikuwa wanaogopa kulala.

Mimi ni mmoja wa WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU tuliofundishwa kuwashika mkono wenzetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta mkoa wetu ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, 12.7% ya watu wazima. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa nchini, kati ya wanaotumia dawa, 94.3% virusi vyao vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini. Sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwa hao waliobaki.

Saa moja na nusu. Benchi limeshajaa. Kamwene kwa huyu, shikamoo kwa yule. Wapo waliotoka Makambako na kuvipita vituo vya karibu ili wasikutane na jirani. Tunatoa elimu ya afya kwa ufupi, maana wengi wana vibarua kwenye chai na parachichi, na siku ikipita bila kibarua, nyumbani hakuna unga.

Saa tatu. Anaingia kijana aliyezaliwa na VVU, sasa yuko chuoni. Majibu ya wingi wa virusi kwenye damu yamevuka nakala 1,000 kwa mililita, maana yake havijafubaa. Utaratibu unajulikana: ushauri wa ufuasi wa dawa kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kipimo kirudiwe. Wengi hapa huanza kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki. Mimi naacha kwanza.

“Mwanangu, unalala?”

“Silali, mama. Saa nane, saa tisa, macho makavu.”

Anatoa soksi mfukoni. Ndani yake kuna kimfuko cha nailoni chenye vidonge, havina lebo wala tarehe. Kopo la vidonge tisini ukilitikisa linalia kama kayamba, na bwenini wanalala wanne. Kwa hiyo alilitupa. Mwenzake akiwepo, hamezi. Nilidhani shida yote iko hapo, na hiyo ina dawa: pamba kidogo ndani ya kopo, au dozi ya siku moja ndani ya karatasi. Lakini naendelea na yale maswali tisa ya sonona tunayouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Hamu ya kufanya mambo? Hana. Kula? Mara moja kwa siku, tena kwa kujilazimisha. Kujiona hafai? Hapo ananyamaza, halafu ananiambia kuhusu mama yake aliyefariki, na kwamba haoni anajitunza kwa ajili ya nani.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Wapo watoa huduma wanaoliruka wakihofia kumtia mtu wazo hilo. Hofu hiyo si ya kweli. Aliyelibeba peke yake hupumua akiulizwa. Namuuliza waziwazi, namtazama usoni.

“Siku nyingine, ndiyo.”

Foleni inasubiri. Simwachi koridoni, simpi karatasi aende mwenyewe. Namsindikiza hadi kwa daktari, nakaa naye mpaka anaitwa, na kwa ridhaa yake tunampigia shangazi yake. Mtu wa namna hii ukimkaripia kuhusu vidonge, umempoteza. Hilo nalisema kwenye kila kikao na nitaendelea kulisema.

Saa sita na nusu. Simu kwa waliokosa tarehe. Sitaji kliniki mpaka nijue nani ameshika simu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mtu, na ndoa nyingi zinategemea siri hiyo. Mama mmoja ameacha dawa tangu msimu wa viazi. Anaomba msamaha kabla sijauliza kitu. Wengi wanaogopa kufokewa dirishani kuliko wanavyoogopa kuugua. Namwambia, “Dada, njoo tu. Nitakuwa getini.”

Saa nane, ugali na maharage, haraka. Tumebaki wachache. Fedha za Marekani ziliposimamishwa Januari 2025, baadhi ya wenzetu waliolipwa posho na miradi walirudi nyumbani, na watu waliowazoea wakabaki bila wa kumweleza ya moyoni.

Saa tisa. Namtembelea mama mwenye VVU aliyejifungua karibuni. Mama mkwe wake yupo, kwa hiyo tunachambua maharage na kuzungumzia bei ya mbolea mpaka anapotoka kwenda kisimani. Hapo mzazi machozi yanamtoka. Dawa anameza na mtoto anampa yake, lakini hali chakula, na kila akinyonyesha anajiona anamlisha sumu. Namweleza taratibu: virusi vikiwa vimefubaa, hatari kwa mtoto ni ndogo sana, na kwa mwenza kitandani haipo kabisa. Anataka nirudie. Narudia. Kesho nitampeleka naye akaulizwe yale maswali tisa. Huzuni ya uzazi inatibika, na hapaswi kuibeba peke yake.

Saa moja jioni. Naandika rejista. Daktari amemwanzishia kijana matibabu ya sonona, na shangazi amekuja kumchukua. Leo atalala kwake, si bwenini. Jumamosi kuna klabu ya vijana, amekubali kuja. Wingi wa virusi tutaupima baada ya miezi mitatu. Usingizi nitamuuliza kesho asubuhi kwa simu.